Taa ya Jumanne

Mimi sipendi gari inayoongea. Gari ikiwa na shida, itetemeke, itoe moshi, igonge, nitaielewa. Nimefungua injini tangu nikiwa na nywele kichwani, na sikio langu la kushoto lilikuwa likijua valvu imelegea kabla gari haijafika mlangoni. Halafu miaka ya tisini zikaanza kuja hizi gari za Kijapani zisizo na kabureta, na kwenye dashibodi zimewekwa taa ndogo ya manjano yenye picha ya injini. Inawaka, inazima. Ni kama jirani anayekuja mlangoni kukwambia "kuna maneno huko," halafu anaenda zake. Maneno gani? Hasemi. Wallahi, ningempata aliyebuni hiyo taa tungekosana.

Naitwa Junaid. Kwetu ni Majengo, Thika, lakini gereji yangu ilikuwa Ruiru, karibu na reli, mabati sita na shimo moja la kuingilia chini ya gari. Jirani yangu alikuwa Kiama, fundi wa kunyoosha bodi, mtu mwenye nyundo kubwa na maoni makubwa kuliko nyundo. Mwaka wa tisini na saba ndipo Mwalimu Musau aliponiletea gari yake nyeupe, ya zamani lakini imetunzwa, viti bado vina nailoni.

Musau alikuwa Mkamba wa Masinga, mwalimu wa hesabu, anakaa Gatongora na mke wake Kamene. Mtu mrefu, miguu ya kuruka mtaro bila kukimbia, na mpole mpaka anakera.

"Fundi, ile taa inawaka," akaniambia.

Nikachungulia ndani. "Haiwaki."

"Sasa hivi haiwaki. Lakini huwa inawaka, na injini inakohoa."

"Huwa inawaka lini?"

Akaangalia viatu vyake. "Siku zingine."

Haya. Nikafungua bonet. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kila kitu kinachosafishika, nikaizungusha mpaka Kahawa Wendani na kurudi. Kimya. Gari inaenda kama maji. Nikamrudishia. Wiki iliyofuata, Jumatano asubuhi, huyo hapo tena. "Fundi, imewaka tena." Nikaiangalia: haiwaki. Wiki ya tatu, Jumatano, yeye tena, na mimi nimeanza kumchukia.

Sasa, kuna fundi mmoja wa Nairobi alikuwa amenifundisha siri ya hizo gari. Unachukua waya mfupi, unaunganisha matundu mawili kwenye kisanduku kilicho chini ya bonet, unafungua swichi, na ile taa inaanza kupepesa. Wewe unahesabu. Ikipepesa mara nne, ikapumzika, ikapepesa moja, hiyo ni arobaini na moja, na unatafuta arobaini na moja kwenye karatasi ujue ugonjwa. Gari inaweka kumbukumbu hata kama taa imezima. Nikaunganisha waya, nikakaa kuhesabu. Taa ikapepesa mfululizo bila kupumzika, maana yake gari haina neno lolote la kusema.

"Haiwezekani," nikamwambia Musau. "Jana iliwaka, leo haikumbuki?"

"Labda ni kwa sababu nikifika nyumbani huwa natoa waya wa betri."

"Unatoa waya wa betri kwa nini?"

"Ili ipumzike."

Jamani! Betri ikitolewa waya, kumbukumbu yote inafutika. Nilirusha spana, ikagonga mlango ambao Kiama alikuwa ametoka kuupaka rangi, na tukagombana watatu kwa pamoja. "Mwalimu," nikasema nikishapoa, "gari imekuwa ikiniandikia barua, na wewe unaichoma kila wiki kabla sijasoma!" Nikamwambia asiguse betri tena. Asiguse kitu.

Jumatano iliyofuata nikaunganisha waya, na taa ikanipa arobaini na moja. Karatasi ikasema shida iko kwenye ile sensa inayoipasha injini habari mguu umekanyaga mafuta kiasi gani. Nikaipima sensa: nzima. Basi ni waya mahali fulani, na waya huo unatoka chini ya bonet mpaka ndani ya dashibodi. Mahali gani? Ungejua tu ukiukamata ukifanya makosa, na kwangu haukufanya.

"Mwalimu, hii gari inawaka Jumanne tu. Jumanne kuna nini?"

"Naenda Thika."

"Siku zingine huendi Thika?"

"Naenda pia."

"Sasa Jumanne kuna tofauti gani?"

"Jumanne huwa siko peke yangu."

"Uko na nani?"

Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, akafunika uso kwa mikono. Kiama akaacha nyundo yake na kusogea, kwa sababu habari kama hizo huwa anazinusa. Tukaangaliana. Mimi nina binti, na Kamene nilikuwa namjua, mama mwenye heshima zake. Nikamkalisha Musau kwenye tairi na kumpa mawaidha. Nikamwambia dunia ina mwisho. Nikamwambia wanawake wa Jumanne huwa hawasaidii mtu akiugua. Kiama akaongeza yake kuhusu binamu yake wa Mwihoko, mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Musau alikuwa anatikisa kichwa tu, na mwishowe akanong'ona kama anayeungama.

"Ni mama yake Kamene."

Kiama alirudi kwa nyundo yake akiwa amevunjika moyo kabisa.

Ndipo Musau akanieleza. Mama mkwe wake, Mama Ndinda, ametoka Masinga kuja kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anaona mwanga na kivuli basi. Kila Jumanne anapelekwa kliniki Thika, na Jumanne inayokuja ndiyo siku ya kupasuliwa jicho la kwanza. Daktari mwenyewe ni wa kuja na kwenda, akikukosa unangoja mwaka mwingine. Lakini kwao, mwanamume hamkaribii mama mkwe, hamtazami usoni, hamtaji ovyo. Heshima hiyo wanaiita nthoni. Wengi siku hizi wameilegeza, yeye hakuilegeza. Tangu amwoe Kamene, miaka minne, hajawahi kusema na huyo mama neno moja ana kwa ana. Ndiyo maana nilipouliza alishindwa kujibu. Kwake ilikuwa kama nimemwambia avue suruali.

Nikamhurumia, lakini pia nikakasirika. Wiki nne! Mgonjwa anamficha daktari pahali panapouma!

"Ni uzito," Kiama akapiga kelele kutoka kwake. "Huyo mama ana kilo ngapi? Gari imezeeka, bodi inapinda, waya unavutika!"

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona anasema kweli. Nikamwambia Musau aende aulize uzito. Sisi tukaazima magunia mawili ya viazi kwa mama wa sokoni, tukayakalisha kiti cha nyuma kama abiria, nikaendesha mpaka Juja na kurudi. Kwenye matuta nilipita kwa hasira makusudi. Taa haikuwaka hata mara moja. Viazi havikuwa na hatia.

Jumapili mchana Kamene akaja gereji. Hakusalimu. Mwanamke akija kwako asisalimu, weka chini ulichoshika.

"Fundi, wewe ndiwe umemlinganisha mama yangu na viazi?"

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Musau ameniomba nimuulize mama kilo zake. Mama akataka kujua ni za nini. Mimi simdanganyi mama yangu, nikamwambia. Sasa amefunga sanduku. Anasema haingii tena gari inayomlalamikia. Anarudi Masinga kesho na macho yake vile yalivyo, na hata matatu hataki, anasema kama mkwe hamtaki basi Thika haimtaki. Fundi, mama yangu akipofuka kabisa, nitakuja nikae hapa kwako kila siku nikuangalie."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, nikavaa shati safi na kofia yangu ya Ijumaa, nikaenda Gatongora.

Mama Ndinda alikuwa amekaa kwenye kochi, sanduku mbele yake, mwili mpana, leso mbili, uso wa mtu ambaye hajaombwa msamaha bado. Musau hakuwako sebuleni. Alikuwa nje, nyuma ya dirisha, ameinama. Nilimwona kisogo.

"Mama, mimi ndiye fundi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Viazi vilikuwa kilo ngapi?"

"Mama..."

"Nimeuliza."

"Gunia mbili. Lakini mama, taa haikuwaka! Si uzito. Nimekukosea bure."

Akapapasa mfuniko wa sanduku. "Sasa kama si uzito, ni nini? Kila nikiingia inawaka, nikishuka inazima. Mimi sioni, lakini nasikia. Gari ikianza kukohoa, huyo anayeendesha anashusha pumzi kama amebeba mzoga. Mtu akichoka na mgeni aseme. Asiitume gari."

Nje ya dirisha kitu kilianguka. Nadhani ni Musau.

"Mama, nipe nafasi moja," nikasema. "Jumanne nitakupeleka mimi mwenyewe, naendesha mimi."

"La. Ataendesha yeye. Nataka kujua anayenikataa ni gari au ni mtu. Wewe utakaa mbele pamoja naye, na ikiwaka utaniambia ukweli. Ikiwa ni mimi, utanishusha hapo hapo, nitatafuta njia ya kwetu."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa barabarani. Kamene alibaki, alikuwa na zamu kazini. Mama Ndinda nyuma, sanduku lake kando, amekataa kuliacha. Mimi mbele kushoto. Musau kwenye usukani. Kabla mama hajaingia, Musau alikuwa amegeuza kioo cha katikati kikaangalia paa, halafu akavuta kiti chake mbele, akavuta tena, mpaka kikagoma, ili awe mbali naye iwezekanavyo. Mtu mrefu vile! Kifua kiligusa usukani, magoti yalikuwa juu kama ya panzi. Mimi nilikuwa naiangalia taa tu, nikasema moyoni mambo ya heshima ni yao.

Mazungumzo yalipitia kwangu.

"Fundi, muulize kama amekunywa chai."

"Mwalimu, umekunywa chai?"

"Mwambie nimekunywa, nashukuru."

"Mama, amekunywa, anashukuru."

"Nimesikia. Mimi naumwa macho, si masikio."

Tulipita Juja salama. Nikaanza kufurahi. Karibu na daraja la Ndarugu mbele yetu kuna trekta, Musau akapunguza gia, injini ikakohoa, na taa ikawaka. Manjano, mbele ya macho yangu, kwa mara ya kwanza tangu niijue hiyo gari.

"Imewaka?" akauliza mama.

Nilitamani kudanganya, Mungu anajua. Saa ilikuwa inakimbia, daktari anangoja, na yule mama alikuwa ameshika mkono wa sanduku. Lakini nilikuwa nimeahidi.

"Imewaka, mama."

"Mwambie asimame."

Musau akasimamisha gari kando ya barabara. Nyuma nikasikia mama akitafuta kitasa cha mlango kwa vidole. Nikasema ngoja mama, tafadhali, dakika moja, nikainama chini ya dashibodi kwa upande wa Musau, kwa sababu sikuwa na pahali pengine pa kuinama.

Na hapo nikaona. Goti lake la kulia lilikuwa limezama chini ya usukani, limesukuma ubao wa plastiki, na nyuma ya ubao kuna kiungio cha nyaya za ile sensa, kimevunjika mdomo. Nikalisukuma goti kando. Taa ikazima. Nikaliachia. Taa ikawaka. Nikalisukuma tena, ikazima, injini ikatulia ikaimba. Nikaanza kucheka chini kule, kichwa kwenye pedali, cheko la mwezi mzima.

"Fundi amerukwa na akili?" mama akauliza.

"Mama, si wewe! Wallahi si wewe! Ni magoti ya mkweo!"

"Magoti yake yanafanya nini kwenye injini?"

"Amevuta kiti mbele mpaka mwisho ili asikukaribie. Siku zingine anakaa vizuri, goti haligusi kitu. Jumanne anajikunja, goti linakanyaga waya, gari inalia. Ni heshima, mama! Heshima ndiyo inawasha taa!"

Magari yanapita, vuu, vuu. Musau ameganda, macho kwenye usukani. Halafu nyuma kule sauti ikaanza kidogo, ikapanda, na kiti chote kikatikisika. Mama Ndinda alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anajipangusa kwa leso.

"Wiki zote hizo," akasema. "Wiki zote hizo nasema nimekuwa mzigo. Fundi, mwambie arudishe kiti."

"Mwalimu, rudisha kiti."

Musau akatikisa kichwa. Hakuweza. Mkono ulienda mpaka kwenye kile chuma cha kusogezea kiti ukarudi.

"Anaogopa, mama."

"Mwambie mimi sioni hata mkono wangu nikiuinua. Anamkimbia nani? Na mwambie daktari hangoji mtu."

Musau akafumba macho, kana kwamba hiyo ingesaidia, akavuta kile chuma, na kiti kikarudi nyuma kikasimama karibu na magoti ya mama mkwe wake. Hakuna kilichotokea. Mbingu haikuanguka, trekta iliendelea kwenda zake. Tulifika Thika dakika tano kabla ya kuitwa jina, na nilipomshika mkono kumwingiza ndani, mama aliacha sanduku garini.

Walimlaza siku mbili. Nilirudi Ruiru na gari, nikabadilisha kile kiungio cha nyaya, nikafunga na waya juu yake ili hata Musau akiingia na magoti ya ndugu zake wote kisiguswe. Kiama akaja kutazama, akasema yeye alijua tangu mwanzo ni magoti. Nikamkumbusha viazi.

Alhamisi tulirudi kumchukua, mimi na Musau. Mama alikuwa ameshasema haingii gari bila msemaji. Bandeji ilikuwa imetolewa, jicho moja jekundu lakini liko kazini. Alitoka mlangoni mwenyewe, bila kushikwa, anasimama kila hatua mbili kutazama kitu. Ukuta. Paka. Mwanamke aliyebeba ndizi. Akaniangalia mimi kutoka kofia mpaka viatu.

"Kumbe wewe ni mzee hivi? Na ile sauti yote!"

"Alhamdulillahi, mama, umeona."

Akaingia nyuma. Musau alikuwa kwenye usukani tayari, na kiti amekivuta mbele mpaka mwisho. Kwa kuwa sasa mama alikuwa anaona, mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kiko kwenye honi, na magoti yale ndiyo usiseme. Taa haikuwaka, niliitengeneza mimi. Lakini mtu hawezi kuendesha gari hivyo mpaka Ruiru, na nilikuwa najua hatakubali kushuka nikae mimi, kwa kuwa kumpeleka ni wajibu wake.

Mama alichungulia nje kwa kila dirisha. Alisoma kibao cha duka kwa sauti, herufi moja moja. Halafu akaangalia mbele, akaona ule mgongo uliopinda, yale magoti. Alitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanamume aliyemwoa binti yake.

Akafungua leso moja, akaikunja mara mbili, akajifunika uso wote, macho ndani.

"Fundi, mwambie arudishe kiti akae kama mtu. Mimi sioni tena."

"Mama!" Nilipandwa na hasira, sikuweza kujizuia. "Jicho limefunguliwa juzi tu, barabara yote iko hapo nje hujaiona, na unalifunika?"

"Nimekaa gizani miaka mitatu bila faida ya mtu yeyote," akasema ndani ya leso. "Nusu saa ni nini? Mwambie twende."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Kiti kilirudi nyuma chenyewe, polepole, mpaka kikatulia. Musau akawasha gari, akashika barabara, na tulipofika Witeithie nilisikia pua ikivutwa upande wa kulia kwangu, mara moja, mara mbili. Nyuma leso ikasogea kidogo.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Mwambie apanguse macho aangalie barabara. Wiki hii tumeshatibu macho ya kutosha."